SOMO: Samaki nyota kwa tenki dogo (akwaria) la maji chumvi, usianze na rangi

Habari za jioni wakuu. Karibu kila wiki natumiwa picha, mtu yuko dukani kasimama mbele ya samaki mzuri anauliza "huyu nimchukue?", ukimuuliza tenki lako lita ngapi anasema 80, 100. Leo naandika yote mara moja. Nazungumzia tenki la matumbawe la sentimita 60 kwa 40 kwa 40, kwenye karatasi ni lita 96 ila ukishaweka mawe na mchanga maji yenyewe yanabaki kama 80 tu. Samaki nyota ni yule mmoja ambaye mgeni akiingia sebuleni anamwona yeye kwanza.

Hatua ya 1: tenki likomae. Zile wiki 4 mpaka 6 za kusubiri amonia na naitraiti (sumu zinazotokana na uchafu wa tenki) zishuke sifuri ni za kuanzia tu, nyota wako msubirishe miezi 4 mpaka 6, mpaka uone mawe yameota mwani na usiku ukimulika na tochi unaona vidudu vinakimbia kwenye kioo. Chumvi 1.025 kwa kile kipimo cha uzito wa maji, joto 25 mpaka 27. Kwa sisi wa Dar hita si tatizo, tatizo ni Februari chumba kina 32, hapo weka feni ndogo ipulize juu ya maji na joto litashuka digrii 2 au 3. Ila feni inakausha maji halafu chumvi inabaki, kwa hiyo kila siku unafidia kwa maji yasiyo na chumvi ya RO (yaliyochujwa kwa mashine), usifidie na maji chumvi, watu wengi wanaua tenki hapo.

Hatua ya 2: jua atakuwa nani akikua. Hapa ndipo watu wanapopigwa. Chukua kitatange mkubwa, yule Pomacanthus imperator wa kwetu huku. Akiwa mtoto ana rangi ya buluu iliyoiva kama wino, na miduara myeupe inayozunguka moja ndani ya nyingine, anauzwa ana sentimita 5 na ukweli ni mzuri mno. Akikua miduara inapotea yote, anakuwa na mistari ya njano na buluu na anafika sentimita 40! Yaani upana wote wa tenki lako. Kangaja wa buluu naye vilevile, dukani ni kama sarafu, ukubwani ni sentimita 30 na anaogelea kutwa nzima. Ukimfungia kwenye sentimita 60 anazunguka palepale, anakosa raha na magonjwa yanamwandama.

Hatua ya 3: anakula nini. Samaki anayeitwa mandarini nilimnunua tenki langu likiwa na miezi miwili. Anakula vile vidudu vya kwenye mawe tu, anadonoa kutwa, na tenki changa halina vya kumtosha. Kila siku nilikuwa namwona anadonoa nikajua anashiba. Siku moja nikamwangalia kutoka juu, mgongo umekuwa mwembamba kama kisu na tumbo limeingia ndani, uduvi wa kugandishwa nikimwekea mbele ya mdomo anaugeukia mbali. Alikufa baada ya siku tisa na mpaka leo inaniuma, kwa sababu alikuwa anakufa njaa mbele ya macho yangu. Tangu hapo samaki yeyote namkagua kwa juu kwanza, ubavuni baadaye.

Hatua ya 4: chaguo langu. Kitatange kibete, Centropyge acanthops, wa pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Mwili buluu nzito, kichwa na mgongo rangi ya chungwa kana kwamba kamwagiwa kutoka juu. Anaishia sentimita 7 au 8. Hatulii sehemu moja, anaingia tundu hili anatokea lile, anadonoa mwani kwenye mawe, na kila akitokea unamtazama upya. Sentimita 60 ndiyo mwisho wa udogo kwake, ukiwa na 90 anafurahi zaidi, na mawe yapangwe yawe na mapango. Kasoro yake ni moja, anaweza kudonoa matumbawe ya nyama nyama.

Kama hutaki hiyo hatari chukua samaki klauni wawili, hawahitaji anemoni (yule kiumbe laini wa baharini wanayejificha ndani yake) kama wengi wanavyodhani, au gramma wa Karibiani, nusu zambarau nusu njano. Samaki moto (firefish) ni mzuri pia ila anaruka, bila wavu juu utamkuta sakafuni asubuhi.

Hatua ya 5: dukani. Mwambie muuzaji amlishe ukiona kwa macho yako, asipokula mwache. Angalia anavyohema, macho yasiwe na ukungu, mapezi yasiwe yamechanika. Akifika nyumbani karantini, yaani akae peke yake tenki la pembeni, wiki 4, halafu aingie tenkini wa MWISHO baada ya wenzake wote.

MASWALI YA WADAU

Mtu wa Kigamboni: Mkuu naweza kuweka vitatange vibete wawili wapendane?
Jibu: Kwa lita 80 hapana kaka. Watapigana na mnyonge hana pa kukimbilia. Mmoja tu.

Mama Twins: Samahani mwalimu, maji naweza kuchota pale Coco Beach?
Jibu: Dada yangu pale ufukweni usichote, mitaro ya mji inaingia hukohuko hasa mvua ikinyesha. Wenye boti wakuchotee mbali maji yakiwa yamejaa, au nunua chumvi ya akwaria uchanganye na RO. Na samaki usijivulie visiwa vya Mbudya wala Bongoyo, zile ni hifadhi za bahari.

Babu Kasa: Wangu wana vidoti vyeupe kama chumvi, nimeambiwa niweke dawa ya shaba.
Jibu: Mzee wangu shikamoo. Dawa ya shaba USIWEKE kwenye tenki la matumbawe, itaua matumbawe, kamba na konokono wote. Hamisha samaki wote kwenye beseni au tenki la pembeni lenye pampu na hita, watibiwe huko, na tenki kubwa likae bila samaki hata mmoja, wengi tunahesabu siku 76. Ni ndefu najua ila mdudu anayeleta hivyo vidoti, bila samaki hana pa kujishikiza, anakufa.

Dogo Janja wa Tanga: Umeme ukikatika usiku je?
Jibu: Pampu ya hewa ya betri, ile inayojiwasha yenyewe umeme ukienda. Nunua hiyo kabla hujanunua samaki.

Mtu wa Kigamboni: Na akianza kudonoa tumbawe langu nifanyeje?
Jibu: Mlishe mara tatu kwa siku kidogo kidogo, na kipande cha mwani mkavu ukibane kwenye kioo asubuhi. Wangu alidonoa zoa (aina ya tumbawe laini) wiki ya kwanza, nilipoanza mwani akaacha. Asipoacha baada ya wiki mbili, hamisha tumbawe, maana kumnasa yeye humo ndani itabidi utoe mawe yote.