Jinsi ya Kupata Nakala Halali za Tamthilia za Zamani za Runinga, Hatua kwa Hatua

Shangazi yangu aliniomba nimtafutie The Fugitive, tamthilia ya Marekani ya mwaka 1963 hadi 1967 kuhusu daktari anayekimbia baada ya kuhukumiwa kifo kwa mauaji ya mkewe ambayo hakuyafanya. Aliwahi kuitazama katikati, hakujua ilivyoanza wala ilivyokwisha, na alitaka aione yote kwa utaratibu akiwa nyumbani kwake. Kasha la kwanza nililomnunulia lilikuwa la wizi. Yanayofuata ni mambo niliyojifunza kutokana na kosa hilo, na kutokana na kuwasaidia watu wengine baadaye kutafuta kazi za namna hiyo.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba kazi yenyewe bado ipo

Andika jina kamili, nchi, miaka ya kurushwa, idadi ya misimu na idadi ya sehemu. Miaka ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa jina moja huweza kubebwa na kazi zaidi ya moja: The Fugitive ilitengenezewa filamu mwaka 1993, kisha ikatengenezwa upya kama mfululizo mwaka 2000. Tuliyoitaka sisi ina misimu 4 na sehemu 120, na takwimu hizo mbili ndizo zilizonisaidia hadi mwisho.

Kisha chunguza kama picha zilinusurika. Kanda za video za inchi 2, zilizoanza kutumika mwaka 1956, zilikuwa ghali mno, na vituo vingi vilizifuta ili kurekodia vipindi vingine. Ndiyo sababu zaidi ya sehemu 90 za Doctor Who, tamthilia ya Uingereza, za miaka ya 1960 bado hazijapatikana, ijapokuwa mwaka 2013 BBC ilitangaza kwamba sehemu 9 zilizokuwa zimepotea zilipatikana katika kituo cha runinga huko Jos, Nigeria. Kwa upande mwingine, kazi zilizopigwa kwa filamu, kama I Love Lucy iliyoanza mwaka 1951 kwa filamu ya milimita 35, kwa kawaida zimehifadhika vizuri na nakala zake hupendeza. Muuzaji akikuahidi sehemu zote za kazi inayojulikana kuwa ilifutwa, usiendelee naye.

Hatua ya 2: Mjue mwenye haki, na ujue kama aliwahi kuitoa

Tafuta jina la kampuni iliyochapisha kazi hiyo kwa DVD au Blu-ray, na mwaka iliofanya hivyo. Ukipata jibu hili, nusu ya kazi imekwisha, kwa sababu kila kasha lililotangulia tarehe hiyo utalitilia shaka. Mfano mzuri ni Batman ya mwaka 1966 hadi 1968. Haki zake zilikuwa zimegawanyika kati ya kampuni mbili kubwa kwa miaka mingi, na mfululizo mzima ulitoka kihalali kwa mara ya kwanza mwaka 2014. Aliyeuza kasha lenye sehemu zote 120 kabla ya mwaka huo alikuwa anauza nakala za wizi, hata kama jalada lake lilikuwa zuri kiasi gani.

Kuna kundi jingine linalowachanganya watu. Chini ya sheria ya zamani ya Marekani, kazi iliyochapishwa kabla ya mwaka 1964 ilipoteza hakimiliki ikiwa mwenyewe hakuihuisha katika mwaka wa 28 tangu ichapishwe. Hivyo ndivyo baadhi ya sehemu za The Beverly Hillbillies na Bonanza zilivyoangukia mikononi mwa umma, na kampuni nyingi ndogo zikazitoa kwa bei ya chini. Huko Marekani diski hizo si za wizi, lakini mara nyingi zimenakiliwa kutoka filamu chakavu za milimita 16, na wimbo wa kufungulia hubadilishwa kwa kuwa wimbo wenyewe bado una hakimiliki. Mimi sizinunui kama kuna toleo la mwenye haki. Picha yake ni ya ukungu, na anayeitazama kwa mara ya kwanza atadhani tamthilia za zamani zote zilikuwa hivyo.

Hatua ya 3: Chagua toleo, usichague jina tu

Nakala inaweza kuwa halali kabisa na bado isiwe ile kazi unayoikumbuka. Mikataba ya muziki ya zamani haikufikiria kwamba siku moja watu watanunua vipindi na kukaa navyo nyumbani, kwa hiyo mchapishaji asiyeweza kulipia nyimbo huzing'oa na kuweka nyingine. WKRP in Cincinnati, inayohusu kituo cha redio, iliumizwa sana na jambo hili: msimu wa kwanza uliotoka mwaka 2007 ulikuwa umepoteza nyimbo zake nyingi, na ilibidi wapenzi wake wasubiri hadi mwaka 2014 ndipo kampuni ya Shout! Factory ikatoa mfululizo mzima ukiwa na sehemu kubwa ya muziki wake wa asili. Hata The Fugitive ilipatwa na hilo. Sehemu za msimu wa pili zilizotoka mwaka 2008 ziliondolewa muziki mwingi wa asili, na wanunuzi wakalalamika hadharani. Kwa hiyo ukiona matoleo mawili ya kazi moja, usikimbilie la bei nafuu kabla hujajua limepunguzwa nini.

Dalili nyingine ni muda. Sehemu ya saa moja ya miaka ya 1960 ilikuwa na takriban dakika 50 bila matangazo. Jalada likisema dakika 44 au 45, huenda imekatwa ili kupisha matangazo mengi zaidi iliporudiwa miaka ya baadaye. Lakini usiharakishe kulaumu: kazi ya filamu inayohamishwa kwenye PAL, mfumo wa runinga wa Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, huchezwa kwa picha 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo dakika 51 hugeuka 49 bila hata neno moja kukatwa.

Hatua ya 4: Linganisha diski na deki yako

DVD zina misimbo ya maeneo kuanzia 1 hadi 6, inayoamua deki za eneo gani zitaicheza diski. Marekani na Kanada ni 1. Ulaya, Japani na Afrika Kusini ni 2. Sehemu kubwa ya Afrika, pamoja na India na Urusi, ni 5. Blu-ray zina herufi A, B na C, na Afrika yote imo katika B. Nunua deki inayosoma maeneo yote na mifumo yote miwili ya runinga, NTSC (wa Marekani) na PAL, kisha usahau habari hii.

Hatua ya 5: Tofautisha nakala halali na ya wizi

Hapa ndipo nilipopoteza wiki tatu.

Kasha nililomnunulia shangazi lilikuwa na diski 12 na jalada linalong'aa lililoandikwa kwamba mfululizo wote umo ndani. Angalia hesabu ambayo ningeifanya kabla ya kulipa. Sehemu 120 katika diski 12 ni sehemu 10 kwa kila diski, yaani zaidi ya saa nane za picha. DVD ya tabaka mbili hubeba gigabaiti 8.5 tu, na wachapishaji halali kwa kawaida huweka sehemu tatu au nne za urefu huo katika diski moja ili picha isiharibike. Kwa hiyo kasha halali la kazi hii lilipaswa kuwa na diski kama 30. Hesabu hii huchukua dakika moja, na tangu siku ile sijanunua kazi yoyote kabla ya kuifanya.

Tulipoiweka diski ya kwanza, tuliona katika kona ya chini nembo iliyofifia ya kituo cha runinga. Nembo hiyo ilimaanisha kwamba mtu alirekodi vipindi vilipokuwa hewani, akakata matangazo, kisha akavidurufu. Mwenye haki ana filamu zenyewe, hana sababu ya kurekodi kutoka kwenye runinga. Shangazi aliniuliza kwa upole, «Mwanangu, hii si ya kuibwa?» nami sikuwa na jibu.

Nikaanza kuchunguza diski zenyewe. Igeuze diski upande usio na maandishi, uishike chini ya taa na kuiinamisha kidogo. Diski iliyochapwa kiwandani hung'aa rangi ya fedha, na yenye tabaka mbili huelekea kuwa na dhahabu kidogo. Iliyochomwa kwa kompyuta huwa na zambarau au samawati, kwa sababu data yake imeandikwa kwa mwanga katika tabaka la rangi. Zangu zilikuwa za zambarau. Nikahitimisha kwamba kila diski ya zambarau ni ya wizi, na hitimisho hilo likanipoteza tena, kwani nilikuja kukataa kasha halali kabisa la mfululizo mwingine ambalo bado sijalipata hadi leo.

Ukweli ni kwamba baadhi ya wenye haki huchoma diski wao wenyewe. Warner Bros. ilianzisha Warner Archive Collection mwaka 2009 kwa ajili ya kazi zisizo na wanunuzi wengi wa kutosha kuwasha mitambo ya kiwanda, na kwa miaka mingi diski zake zilichomwa moja moja kila agizo lilipofika. Kampuni nyingine zilifuata njia hiyo hiyo. Diski hizo ni za zambarau na ni halali. Kwa hiyo rangi inakuambia namna diski ilivyotengenezwa, haikuambii nani aliiruhusu. Ukiona zambarau, tafuta jina la mchapishaji nyuma ya jalada, kisha uthibitishe kwa njia nyingine kwamba mchapishaji huyo alitoa kazi hiyo kwa namna hiyo.

Kisha tazama pete ya ndani, karibu na tundu la katikati. Kioo cha kukuzia kitakufaa. Tangu mwaka 1994 viwanda vingi huweka hapo msimbo unaoanza na herufi IFPI, jina la shirikisho la kimataifa la kampuni za muziki. Wenye L na tarakimu baada yake unaonyesha ilikoandaliwa diski mama, ile ambayo nakala zote hutokana nayo, na ule usio na L, ambao mara nyingi umo katika plastiki angavu, unaonyesha kiwanda kilichoichapa. Katika diski ya rangi ya fedha, misimbo hii miwili ikiwepo na ikisomeka, moyo unaweza kutulia kiasi. Ikiwa pete imekwanguliwa mahali ambapo msimbo ungekuwa, mrudishie muuzaji. Yapo mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, kuna diski halali, hasa za Marekani, zisizo na msimbo kamili, kwa hiyo kukosekana kwake peke yake si hukumu. Pili, diski tupu zinazouzwa kwa ajili ya kuchomwa nazo huweza kuwa na msimbo wa IFPI, na hapo msimbo huo huonyesha tu kiwanda kilichotengeneza diski tupu. Tatu, wezi wakubwa wana mitambo ya kiwandani, na wanaweza kutengeneza diski ya fedha inayofanana sana na ya kweli.

Kwa sababu hiyo siamini dalili moja. Nasoma msimbopau wa jalada, wenye tarakimu 12 ukiwa wa Marekani au 13 ukiwa wa kwingineko, nautafuta mtandaoni, na natarajia utaje mchapishaji yule yule, idadi ile ile ya diski na mwaka ule ule. Nalinganisha maandishi ya nyuma. Nakala ya wizi mara nyingi haina tangazo la hakimiliki wala anwani ya mchapishaji, au ina makosa ya herufi katika majina ya waigizaji. Naangalia kama imeandikwa kuwa ya maeneo yote, jambo ambalo wachapishaji wadogo halali hulifanya pia, lakini kampuni kubwa kwa nadra. Dalili tatu zikielekea upande mmoja, ndipo naamua.

Hatua ya 6: Tafuta kwa mpangilio huu

Anza na maktaba. WorldCat inaunganisha orodha za maelfu ya maktaba duniani, na hata kama huwezi kuazima, maelezo yake ya kila toleo, idadi ya diski na jina la mchapishaji, yameandikwa na wakutubi ambao hawana cha kukuuzia. Mimi nayatumia kama kipimo cha kila tangazo la muuzaji. Baada ya maktaba, nenda kwa mchapishaji mwenyewe. Baada ya hapo ndipo uende kwa wauzaji wa mitumba, ambao hawaepukiki kwa kazi zisizochapishwa tena. Network, kampuni ya Uingereza iliyotoa tamthilia nyingi za zamani, ilifilisika mwaka 2023, na makasha yake sasa yamebaki kwa waliowahi kuyanunua.

Kwa muuzaji wa mitumba omba picha nne: jalada la mbele, la nyuma, diski zote zikiwa zimepangwa, na upande wa chini wa diski moja chini ya taa. Muuzaji mwaminifu huzituma siku hiyo hiyo. Anayesema kwamba picha za kwenye tangazo zinatosha, mwache.

Hatua ya 7: Ikifika, ikague ndani ya muda wa kurudisha

Usiliweke kasha kabatini. Cheza sehemu za kati na ya mwisho za kila diski, si ya kwanza tu, kwa sababu data huanza kusomwa karibu na tundu kwenda ukingoni, na katika diski ya tabaka mbili kwa kawaida hurudi tena ndani, na ukingo ndio unaoharibika mapema. Diski zenye picha pande zote mbili zikague pande zote. Uwe mwangalifu na diski za Warner zilizochapwa kati ya mwaka 2006 na 2009: mwaka 2025 kampuni yenyewe ilikiri kwamba baadhi yake zinaoza, hivyo kasha lililofungwa ambalo halijawahi kuguswa linaweza kukataa kucheza.

Kasha la pili la shangazi lilikuja na diski za fedha, na nilizikagua zote kwa siku mbili. Moja ya msimu wa tatu iligoma dakika ya 40 ya sehemu ya mwisho, muuzaji akatuma nyingine baada ya siku tisa, na jioni ile shangazi aliianza sehemu ya kwanza ya msimu wa kwanza.