Jinsi ya kupunguza mafuta ya gari bila kuuza gari, kwa sisi wa Dar

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, wanatoa bei kikomo mpya za mafuta, na siku hiyo mtaani ni stori ya bei tu, imepanda, imeshuka, halafu kesho yake tunawasha magari na kuendesha vilevile kama jana. Agosti 2022 petroli hapa Dar ilivuka shilingi 3,400 kwa lita na bado foleni ya Mwenge ilikuwa ileile. Bei hatuipangi sisi, ila lita ngapi zinaungua tunapanga wenyewe, na sehemu kubwa inapangwa na mguu wa kulia. Tena siyo hela tu, lita moja ya petroli ikiungua inatoa karibu kilo 2.3 za hewa ukaa, na ule moshi unaobaki pale Ubungo na Buguruni wanaouvuta ni mama lishe, makonda na watoto wa shule wanaogombania daladala saa kumi na mbili asubuhi. Mimi hilo ndo linaniuma kuliko bei yenyewe.

Kwa hiyo hapa naandika yale yanayowezekana kwa mtu mwenye IST, Passo, Noah au pikipiki, kuanzia yasiyo na gharama.

Kabla ya yote jua gari yako inakula kiasi gani kweli, maana wengi tunasema "inatumia kidogo" bila kupima. Nenda sheli, weka fultenki mpaka bomba likate lenyewe, hapo hapo rudisha tripu, kile kihesabu cha kilomita za safari kwenye dashibodi, iwe sifuri. Tembea kama kawaida yako mpaka ibaki kama robo, rudi sheli ileile, jaza tena mpaka likate, kisha chukua kilomita gawa kwa lita zilizoingia. Kama umetembea km 420 na zimeingia lita 35 basi unapata km 12 kwa lita. Iandike kwenye simu. Hiyo namba ndo itakwambia kama unachobadilisha kinasaidia, siyo hisia na siyo maneno ya fundi. Na bomba likishakata usimwambie kijana aongeze mpaka mdomoni, gari nyingi za injekta, yaani zinazopuliza mafuta kwa kuongozwa na kompyuta badala ya kabureta, zina kopo la mkaa linalonasa mvuke wa petroli, ukizidisha mafuta yanaingia humo na kuliharibu, na yanayomwagika chini umeshayalipia. Ile habari ya kujaza alfajiri ili upate mafuta mengi achana nayo, matenki ya sheli yapo chini ya ardhi na joto lake halibadiliki kihivyo.

Sasa mguu. Angalia foleni yoyote ya jioni kutoka mjini kwenda Mbezi au Tegeta, gari ya mbele ikisogea tu mtu anakanyaga resi kwa nguvu, mita thelathini mbele anafunga breki, anasubiri, anakanyaga tena. Kila unapofunga breki unatupa mafuta ambayo sekunde tano nyuma uliyachoma kupata ile kasi. Idara ya Nishati ya Marekani imewahi kuweka wazi kwamba uendeshaji wa pupa, kukanyaga na kufunga kwa nguvu, unaweza kukupotezea kati ya asilimia 10 na 40 ya mafuta kwenye foleni za kusimama na kwenda. Chukua hata ile 10 tu, kwenye kila tenki ya lita 40 ni lita nne hizo.

Dawa yake: acha nafasi mbele yako, usione aibu kwamba bajaji itachomeka, itachomeka tu na wewe utafika nyumbani dakika ileile. Ukianza kuondoka, kanyaga taratibu, hesabu kichwani moja mbili tatu kabla hujaongeza. Tazama mbali, siyo bampa ya mbele yako, tazama gari ya tatu au ya nne, ukiona taa zao nyekundu zimewaka toa mguu mapema gari ijiendee yenyewe mpaka ifike pale, mara nyingi utakuta foleni imeshaanza kusogea na hujagusa hata breki. Ukiona taa za pale mbele ni nyekundu kuna faida gani kukimbilia kusimama?

Kuna hili la nyutro, naomba madereva wenzangu mlisikie vizuri. Watu wengi wakifika mteremko wanatia nyutro au wanazima kabisa wakiamini wanaokoa mafuta. Kwenye gari za injekta, ambazo ndo karibu zote tunazoagiza Japani siku hizi, ukitoa mguu kwenye resi gari ikiwa kwenye gia kompyuta inakata mafuta kabisa, magurudumu ndo yanazungusha injini. Ukitia nyutro injini inabidi ichome mafuta ili isizimike. Yaani nyutro mteremkoni inakula ZAIDI, na juu yake inakuondolea msaada wa gia, breki zinabeba uzito wote mpaka zinapata moto na kukataa. Kwenye Kitonga au Sekenke huo ni mchezo wa kifo. Acha gari kwenye gia, shusha gia kama mteremko ni mkali.

Kusimama na injini inaunguruma nako ni kupoteza. Gari ndogo ya sisi sisi, ikisimama tu inaunguruma inakunywa kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, kiyoyozi kikiwaka inaelekea huko juu. Unasubiri mtoto atoke shule, unaongea na simu nje ya duka, msafara umezuiwa na trafiki na unaona kabisa hapa hatutoki leo, zima. Ile imani kwamba kuwasha upya kunakula sana ni ya enzi za kabureta, gari ya injekta iliyo nzima ukisimama zaidi ya dakika moja kuzima kuna faida.

Upepo wa taili sasa, hapa ndo naona watu wanaibiwa kila siku bila kujua. Ukifungua mlango wa dereva, pale kwenye nguzo ya mlango kuna stika ndogo, wengi hatujawahi kuisoma kwa sababu imeandikwa Kijapani, ila namba zinasomeka, utaona 220 au 230 au 250 na pembeni kPa. Hiyo ndo presha ya gari yako. 220 ni sawa na 32 kwa kile kipimo cha PSI wanachotumia vijana wa upepo, 230 ni 33, 250 ni 36. Kijana wa upepo atakuuliza "ngapi boss?" ukisema weka tu anaweka anachojua yeye. Mwambie namba, na mwambie asubuhi kabla hujatembea mbali, taili likishapata moto presha inapanda na kipimo kinadanganya. Angalia walau mara moja kwa mwezi, na taili la spea usilisahau. Taili laini linavuta gari, linakula mafuta na linaisha pembeni pembeni, unanunua jipya kabla ya wakati, na taili bovu tunaishia kulichoma moto jalalani.

Kuhusu sevisi sitasema mengi. Ea klina ikiwa nyeusi badilisha, hasa kama unapita barabara za vumbi. Plagi zilizochoka badilisha. Oili weka ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye kifuniko cha oili, gari nyingi za Toyota utakuta 0W-20 au 5W-30, halafu fundi anakuwekea oili nzito eti injini imetembea sana, mwambie hapana mpaka akupe sababu ya maana. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi usiizoee, ikiwa ni sensa ya oksijeni imekufa gari inaweza kumwaga mafuta kupita kiasi na wewe unaona inatembea vizuri tu. Na jaribu hili: ukifika nyumbani bila kufunga breki kwa nguvu, sogeza mkono karibu na rimu zote nne bila kuzigusa, kama moja ina moto kuliko wenzake basi breki inang'ang'ania na umekuwa ukiburuza gari siku nzima.

Barabara kuu, ukitoka 80 kwenda 110 ulaji unapanda karibu robo, upepo unaosukumana nao ndo unaokula. Keria ya juu isiyo na mzigo ishushe. Mjini kwenye mwendo mdogo zima kiyoyozi ufungue vioo kama vumbi na usalama vinaruhusu, ila ukiwa kwenye kasi kubwa funga vioo uwashe AC.

Halafu kuna lita ambayo haiungui kabisa, safari usiyoenda. Injini ya baridi inakula sana dakika za mwanzo, kwa hiyo kwenda sokoni, ukarudi, ukaenda duka la dawa, ukarudi, ukaenda saluni, ni kuwasha injini baridi mara tatu kwa vitu vya mzunguko mmoja. Panga vyote pamoja. Dukani kwa Mangi hapo mita mia tatu nenda kwa miguu jamani. Kama ofisini mko wanne mnatoka Goba au Kigamboni, chagieni gari moja kwa zamu, mkubaliane mapema saa ya kuondoka na kwamba anayechelewa anaachwa, bila hilo urafiki utavunjika wiki ya kwanza. Na kwa wa njia ya Morogoro, mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake peke yake, ipo tangu Mei 2016, najua msongamano wake wa asubuhi na sitawaambia ni raha, ila kama kazi yako inaruhusu kuingia saa nne inabebeka, basi moja linabeba watu ambao wangejaza barabara nzima na magari yao. Dodoma ndo kabisa, tangu treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, ianze kufika huko Julai 2024 sioni sababu ya mtu mmoja kuendesha Harrier peke yake zaidi ya km 450, treni ni ya umeme, na umeme wetu sasa sehemu kubwa unatoka kwenye maji ya Rufiji na gesi ya kusini.

Wenye maduka na saluni, jenereta zile ndogo nazo ni petroli. Jenereta inaunguruma usiku kucha kuwasha taa tatu na kuchaji simu, mafuta yanaungua karibu sawasawa uwe na taa tatu au kumi. Paneli ndogo ya sola na betri inatosha taa na simu, jenereta ibaki ya friji na mashine, na iwekwe nje, moshi wake ukijaa chumbani unaua watu usingizini.

Kama unatembea kilomita nyingi kila siku, teksi, bajaji, mizigo, fikiria kubadili mfumo kuingia gesi asilia. Kilo moja ya gesi ina nguvu ya karibu lita moja na nusu ya petroli na bei yake ni kama nusu ya lita, moshi wake pia una hewa ukaa pungufu. Shida ni foleni ya vituo na buti kuliwa na mtungi. Usifungiwe uchochoroni kwa kuwa ni rahisi, DIT, ile Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, wanafunga, na karakana nyingine zenye kibali zipo, dai cheti cha mtungi na uliza tarehe ya ukaguzi unaofuata. Mtu wa kwenda kazini na kurudi tu, piga hesabu kwanza, inaweza kuchukua muda mrefu hela yako irudi.

Bodaboda: mnyororo ukaze sawa na uupake oili, usiukaze mpaka ukawa kama waya wa gitaa, upepo wa taili la nyuma ukague kila unapobeba mzigo mzito, na kabureta iliyochezewa ikawa inatoa moshi mweusi irudishwe kwa fundi anayejua kuiseti, ule weusi unaoutoa nyuma ni petroli yako ambayo haijaungua.