Gari jipya limechelewa? Jua kwanza limekwama wapi

Ukimuuliza muuzaji gari lako litafika lini, utapewa tarehe. Ukimuuliza limefikia hatua gani, itabidi akuonyeshe karatasi. Uliza hilo la pili. Gari jipya linaloagizwa kuja Mombasa au Dar es Salaam hupangiwa nafasi kiwandani, huundwa, hungoja meli kwenye yadi ya bandari ya kupakilia, husafiri, kisha hupita forodha na usajili. Kila hatua ina ushahidi wake na hukwama kwa sababu zake.

Kabla ya namba ya chesesi

Bila namba ya chesesi hakuna gari, kuna oda tu. Hapa ndipo miezi mingi hupotelea, na ndipo muuzaji ana habari kidogo kuliko anavyokubali.

Gari moja lina vipuri takriban 30,000 ukihesabu hadi skrubu, na viwanda vingi haviweki akiba kubwa. Mwaka 2020, corona ilipoingia, watengenezaji wa magari walifuta oda zao za chipu, vipande vidogo vya kielektroniki vinavyoendesha vifaa vya gari. Viwanda vya chipu vikawapa nafasi watengenezaji wa kompyuta na simu. Wanunuzi wa magari waliporudi, kampuni za magari zilijikuta mwisho wa foleni, na kutengeneza chipu huchukua miezi, si siku. Februari 2021 baridi kali ikafunga viwanda vya chipu Texas, na Machi moto ukaunguza kiwanda cha Renesas kule Naka, Japani.

Si chipu peke yake. Baada ya tetemeko la Japani la 2011, Ford ililazimika kuzuia oda za baadhi ya rangi nyeusi na nyekundu, kwa sababu unga unaozipa mng'aro ulitoka kiwanda kimoja cha Merck huko Onahama. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilikata mafurushi ya nyaya za umeme yanayofungwa kwa mikono magharibi mwa nchi hiyo, na viwanda kadhaa vya Ujerumani vikasimama. Furushi la nyaya hutandazwa mapema, kabla ya dashibodi na viti, kwa hiyo huwezi kuunda gari ukaliongezea baadaye. Chipu ya kifaa fulani inaweza kungojewa: gari hukamilishwa, huegeshwa yadini, na kifaa hufungwa kikija. Ndiyo maana gari "lililokwisha kuundwa" bado linaweza kukaa miezi bila kupakiwa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa amana:

- Uliza kama kuna gari ambalo tayari liko kwenye mgao wa muuzaji, hata kama rangi si chaguo lako la kwanza. Hilo huruka hatua ndefu kuliko zote.
- Chagua toleo linalouzwa sana nchini mwako. Kila kikorombwezo cha umeme unachoongeza ni kipuri kingine cha kungojea.
- Andikisha kitakachofanyika gari likija na pungufu: nani analeta kifaa, lini, na nani analipa ufungaji. Mwishoni mwa 2022 Toyota ilianza kutoa magari Japani yakiwa na ufunguo mmoja wa kielektroniki na mmoja wa kawaida, badala ya miwili ya kielektroniki.

Ukishapata namba ya chesesi

Sasa una cha kushika. Namba ina herufi na tarakimu 17, na tatu za mwanzo humtaja mtengenezaji na nchi. Kwa Toyota, AHT ni Afrika Kusini, MR0 (hiyo ni sifuri) ni Thailand, na zinazoanza na JT ni Japani.

Zitumie kupima sababu unayopewa. Aprili 2022 mafuriko ya Durban yalizamisha kiwanda cha Toyota cha Prospecton, na uundaji wa Hilux ukasimama kwa miezi. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli kwa AHT, si kwa MR0. Vivyo hivyo Bahari ya Shamu. Tangu Novemba 2023, Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, walipoiteka Galaxy Leader, meli ya kubebea magari, kampuni nyingi za meli ziliamua kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Kwa gari linalotoka Ulaya hiyo ni nyongeza ya siku kadhaa. Pikapu ya Thailand, Japani au Durban haipiti Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, hata kidogo. Muuzaji akikuambia yako imechelewa kwa kuzunguka Rasi, mwombe akuonyeshe ramani. Anaweza kusema kwa haki kwamba safari ndefu zimemeza meli, na gari limekosa nafasi ya kupakiwa. Meli za magari si nyingi duniani, na moja ikichelewa, yadi hujaa.

Kwa magari yanayokuja kama vipande na kuunganishwa hapa, mfano katika viwanda vya AVA Mombasa au KVM Thika, swali ni jingine: shehena ya vipande imefika kamili? Kasha moja likibaki nyuma huweza kusimamisha kundi zima.

Gari likipakiwa

Omba nakala ya BL, hati ya shehena. Angalia namba ya chesesi ni ile ile, jina la meli, bandari ya kupakilia na tarehe ya kupakiwa. Chukua jina la meli au namba yake ya IMO yenye tarakimu 7, uitafute kwenye MarineTraffic au VesselFinder, tovuti zinazoonyesha meli ilipo. Ikipotea katikati ya bahari usishtuke. Huduma za bure hutegemea sana vipokezi vya pwani. La kuhofia ni gari kuhamishiwa meli nyingine njiani, maana meli iliyo kwenye hati siyo itakayotia nanga kwako. Uliza mapema kama safari ni ya moja kwa moja.

Tarehe ya kuangalia kwa jicho kali ni 1 Julai. Bajeti za Kenya, Tanzania na Uganda huanza siku hiyo, na viwango vya ushuru vinaweza kubadilika. Gari lililotarajiwa Mei likatua Julai laweza kuja na bili nyingine. Mkataba useme nani anabeba tofauti hiyo, bei imefungwa kwa shilingi au kwa dola, gharama ya kulaza gari bandarini ni ya nani, na baada ya siku ngapi za kuchelewa unarudishiwa amana yote. Kama benki inakukopesha, angalia barua ya mkopo inaisha lini, na usiuze gari la zamani kwa sababu ya ahadi ya mdomo.

Siku ya kukabidhiwa

Gari lililolala yadini muda mrefu ni jipya kwa karatasi tu. Pima betri kabla injini haijawashwa: karibu volti 12.6 ni nzuri, chini ya 12.4 inahitaji kuchajiwa, na ikiwa chini sana dai nyingine. Kutu nyepesi kwenye diski za breki hufutika ukiendesha. Mitaro inayokwaruza ukucha haifutiki. Usukani ukitetemeka mwendo wa barabara kuu na usiache baada ya kilomita chache, tairi huenda zimepata ubapa kwa kusimama. Soma pia tarakimu nne za mwisho baada ya DOT ubavuni mwa tairi: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Zilinganishe tairi zote tano, ya akiba ikiwemo, kabla hujatia sahihi.