Kuandaa siku ya shamba ya bure viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam

Siku ya shamba ni ya kuonyesha familia mifugo na kazi za shambani. Chagueni Jumamosi ya mwisho wa Julai: masika imekwisha, Sabasaba imepita, na Nane Nane bado haijawachukua wakulima. Kibali cha uwanja ombeni mapema halmashauri ya jiji; polisi wapeni taarifa ya maandishi.

Kabla ya kusimika turubai hata moja, someni upepo. Msimu huu ni wa kusi, upepo utokao kusini-mashariki, na mchana upepo wa baharini huongezeka. Kwa hiyo vyakula na viti vya wazee vikae kusini-mashariki. Mifugo, vinu na nyungo za kupepetea mpunga kaskazini-magharibi. Waandaaji wengi huweka mbuzi langoni ili wavute watu. Ikifika saa saba, vumbi la zizi liko kwenye sahani za pilau, na pumba ziko machoni mwa watoto.

Mbuzi sita watoshewe na banda la mita 3 kwa 4, lote kivulini, limetandazwa pumba za mpunga unene wa sentimita 5. Maji wekeni lita 30. Wote watoke zizi moja, maana wasiofahamiana hupigana pembe. Wasafirishwe alfajiri, wakiwa na kibali cha ofisa mifugo.

Kuku ndio wa kuhofia zaidi. Wachanjwe dhidi ya kideri, ugonjwa wa kuku unaoua na kuambukiza haraka, angalau wiki mbili kabla, kwa sababu kinga haijengeki siku ile ile. Wakirudi nyumbani watengwe wiki mbili nyingine, wasije wakaua banda zima.

Njia ya kutoka mabandani iwe moja tu, na hapo hapo pawe na ndoo mbili za lita 20 zenye koki, sabuni, na mtu wa kusimamia. Beseni la kuchovya mikono kwa zamu halifai kabisa: linamgawia kila mtoto uchafu wa mwenzake. Kitakasa mikono nacho hakifanyi kazi vizuri juu ya mkono wenye kinyesi.

Kukuna nazi hakuhitaji maelezo. Leteni mbuzi za kutosha, foleni itakuwa ndefu.

Zawadi nzuri ya kuondokea ni mbegu za mchicha, kijiko kimoja cha chai kwa kila familia, kwenye karatasi iliyokunjwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu 2019. Waelezeni wachanganye mbegu na mchanga mkavu kabla ya kusia. Zikimwagwa peke yake hurundikana, na miche hukua myembamba ikianguka. Udongo wa kufunika uwe kiasi cha kuzificha tu. Wiki ya nne watachuma.