Somo: Kuiboresha pikipiki ya zamani ya 125 nyumbani, kuanzia breki na taa

Somo hili linahusu zile pikipiki za Kichina za 125 zilizoingia kwa wingi miaka ya 2000, Sanlg, Toyo na wenzake, zenye injini ya pushirodi (fimbo zinazosukuma valvu) iliyofuata muundo wa Honda CG125 ya mwaka 1976. Nyingi sasa zimelala nyuma ya nyumba chini ya turubai, na wenyewe wanashauriwa wauze kwa kilo kama chuma chakavu. Mimi nasema zisiuzwe. Injini yake haina cheni ya taimingi, inafunguka kwa vifaa vya kawaida, na vipuri vyake vipo kuanzia Kariakoo hadi duka la spea la wilayani. Udhaifu wake mkubwa uko kwenye breki ya mbele ya ngoma, ambayo inachoka ukiwa na mzigo, na taa inayofifia kila ukiachia mafuta. Kwa hiyo tunaanza na kusimama, tunafuata na kuona. Injini itakuja baadaye, na makusudi nimeipa nafasi ndogo.

Vifaa: spana za 8 hadi 19, bisibisi ya nyota isiyolika, filageji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), mita ya umeme, vernia (kipimo cha vipenyo), kifaa cha kulehemu waya kwa risasi, na pula ya kuvutia magineti, yaani gurudumu la sumaku linalozalisha umeme kwenye ncha ya krenki. Hiyo pula ni ya bei ndogo, inunue. Kugonga magineti kwa nyundo kunaweza kupinda ncha ya krenki, na hapo umeshageuza kazi ndogo kuwa ya kupasua injini nzima.

Hatua ya 1: Ivue na uikague

Toa betri kwanza, kisha mwaga petroli yote kwenye dumu lenye kifuniko na uliweke mbali na sehemu ya kazi. Vua siti, tangi na vifuniko vya pembeni. Piga picha kila kiungo cha waya kabla ya kukichomoa.

Inua gurudumu la mbele, shika miguu ya shokapu karibu na ekseli, vuta na kusukuma. Ikicheza, beringi za shingo zimelegea au zimekwisha. Fanya vivyo hivyo nyuma: shika mkono wa gurudumu la nyuma, usukume kulia na kushoto, usikilize bushi. Tazama chesisi kwa makini chini ya shingo na pale shokapu za nyuma zinapofungwa, maana hapo ndipo nyufa huanzia kwa pikipiki zilizobeba mizigo. Ukikuta ufa, simamisha kila kitu hadi mchomeleaji anayejua kazi ya chesisi auone. Usinunue hata taa moja kabla ya hapo.

Hatua ya 2: Breki ya diski mbele

Hapa watu hupoteza pesa kwa kununua kipande kimoja kimoja. Diski inahitaji habu yake, mguu wa shokapu wenye masikio ya kufungia kalipa (kifaa kinachobana diski), ekseli yake, kalipa, mpira wa mafuta na masta ya kwenye usukani, yaani pampu ya mafuta ya breki. Njia nafuu ni kutafuta mbele nzima ya pikipiki ya aina hiyohiyo iliyopata ajali nyuma. Kabla ya kulipa, pima mabomba ya shokapu kwa vernia, ulinganishe na matundu ya klampu zako. Bomba la milimita 30 haliwezi kukaa salama kwenye klampu ya 31, na kujazia kwa kipande cha bati ni kujitafutia kifo. Pima pia urefu wa shina la shingo.

Ukishafunga, jaza mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4, kulingana na maandishi ya kwenye kifuniko cha masta. Toa hewa hivi: vika mpira mwangavu kwenye nipo ya kalipa (skrubu ya kutolea hewa), ncha nyingine itumbukie kwenye chupa yenye mafuta kidogo ya breki. Minya mkono wa breki mara kadhaa, ushikilie, fungua nipo, acha mafuta na mapovu yatoke, funga nipo, ndipo uachie. Ukiachia kabla ya kufunga, unavuta hewa irudi. Endelea hadi mapovu yaishe, ukiongeza mafuta kwenye masta kabla hayajafika chini. Mafuta haya yanakula rangi, kwa hiyo funika tangi na uwe na maji karibu ya kuosha yakimwagika.

Breki ya nyuma iache ngoma. Badilisha viatu vyake, na vumbi lililomo ulifute kwa kitambaa chenye maji. Usilipulize kwa mdomo, kwani viatu vya zamani huenda vilitengenezwa kwa asbesto.

Hatua ya 3: Umeme wa taa

Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo itakayokubadilishia usiku wako.

Kwenye pikipiki hizi taa kubwa haipati umeme wa betri. Inapata umeme wa kupishana (AC) moja kwa moja kutoka kwenye koili za magineti kupitia waya wa njano. Injini ikipungua, koili inazalisha kidogo, na taa inafifia. Waya mweupe ndio unaochaji betri, tena kwa nusu tu ya wimbi. Nusu nyingine haichaji kitu. Tunachotaka ni wimbi zima liende kwenye betri, kisha taa ipate umeme wake kutoka kwenye betri.

Fungua kifuniko cha kushoto na uzifikie koili. Kwa nyingi zipo nyuma ya gurudumu la magineti, ndipo pula inapohitajika. Utaona koili moja au mbili zilizofungwa kwa utepe peke yake: hizo ni za kulisha CDI, kile kiboksi kinachorusha cheche ya plagi, usiziguse. Zilizobaki ni za chaji na taa. Tafuta pale ncha ya waya wa shaba ilipolehemewa kwenye chuma cha koili. Hiyo ndiyo ardhi yake. Itoe, uilehemu kwenye waya mpya unaostahimili joto, ivishe soksi ya kuzuia umeme, uifunge kwa uzi imara ili isitetemeke. Sasa una ncha mbili zisizogusa mwili wa injini: waya mweupe na huu mpya. Waya wa njano, ambao umetoka katikati ya koili, uufunge ncha na uuache.

Pima kwa mita kabla ya kurudisha kifuniko. Kati ya ncha mbili umeme upite, lakini kati ya ncha yoyote na mwili wa injini usipite kabisa. Ukipita, kuna sehemu imechubuka, itafute.

Regulata ya zamani, kifaa kinachodhibiti chaji ya betri, haifai tena. Nunua ya wimbi zima yenye waya mbili za kuingizia umeme wa kupishana, nyekundu ya betri na kijani ya ardhi. Kisha hamisha swichi ya taa kutoka kwenye waya wa njano iende kwenye mweusi, ambao kwenye mpangilio huu ndio unaopata umeme ufunguo ukiwashwa. Weka fyuzi ya ampea 10 karibu na betri. Washa injini, ongeza mafuta kiasi, pima betri: volti 13.8 hadi 14.5 ni sawa. Ikivuka 15, regulata ni mbovu, zima injini kabla haijaunguza betri.

Taa yenyewe, chukua ya LED iliyokamilika na kioo chake. Balbu ya LED ukiipachika ndani ya kioo cha balbu ya zamani mara nyingi inatawanya mwanga na kumpofusha anayekuja mbele yako. Simamisha pikipiki mita kadhaa kutoka ukutani, mtu akiwa amekaa juu, ushushe taa hadi mwanga wa chini uwe chini ya kimo cha taa yenyewe.

Hatua ya 4: Injini

Badilisha oili, kama lita moja, iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili ya pikipiki zenye klachi ndani ya oili. Oili ya gari yenye vilainishi vya ziada inaweza kufanya klachi iteleze, maana klachi hii inaogelea kwenye oili hiyohiyo. Injini hii haina chujio la karatasi la oili. Ina wavu mdogo pamoja na kikombe kinachozunguka kwenye krenki, nyuma ya kifuniko cha kulia. Pikipiki nyingi hazijawahi kufunguliwa hapo tangu zitoke kiwandani. Fungua, usafishe tope lake, weka gasketi mpya.

Kisha rekebisha valvu, injini ikiwa baridi. Zungusha magineti kinyume cha saa hadi alama ya T ilingane na alama ya kwenye mwili, na roka zote mbili (mikono midogo inayobonyeza valvu) ziwe zinacheza kidogo. Zikiwa zimebana, zungusha duru moja zaidi. Nafasi iwe milimita 0.08, ya kuingiza na ya ekzosi. Plagi ni D8EA au inayolingana nayo, mwanya milimita 0.6 hadi 0.7. Safisha kabureta, na tangi lenye kutu lioshe kabla petroli mpya haijaingia.

Hatua ya 5: Meno

Kama unakaa milimani, badilisha sproketi ya mbele kutoka meno 15 kwenda 14. Kwa ya nyuma yenye 38, uwiano unapanda kutoka 2.53 hadi 2.71, yaani nguvu ya kuvuta inaongezeka kama asilimia 7 na spidi inapungua karibu kiasi hichohicho. Badilisha seti nzima pamoja na cheni. Cheni kuukuu inakula meno mapya haraka.

Rangi fanya unavyopenda, ila kumbuka kadi ya pikipiki inataja rangi, namba ya injini na ya chesisi. Ukibadilisha, nenda ukarekebishe kadi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, kutoka Mbeya: Mkuu, nina block (silinda) ya 150. Naweza kuivalisha kwenye 125 yangu?

Jibu: Hesabu inavutia, mkuu. Krenki zote zinampa pistoni mwendo wa milimita 49.5, silinda yenye kipenyo cha 56.5 inatoa cc 124, ya 62 inatoa 149. Lakini ala ya silinda ya 150 ni nene, na mdomo wa injini ya 125 mara nyingi lazima uchongwe kwa mashine ndipo iingie. Kuta zinabaki nyembamba, na kabureta na kichwa vinabaki vidogo. Kwa gharama hiyo tafuta injini nzima ya 150 na ubadilishe kadi.

Swali, kutoka Tanga: Nimetoa boksi la chujio la hewa nikaweka la koni. Inanguruma vizuri, ila mlimani inakata nguvu na plagi ni nyeupe.

Jibu: Plagi nyeupe inasema hewa imezidi mafuta. Ungelazimika kuongeza ukubwa wa jeti kuu, tundu la kabureta linalopitisha petroli, na bado vumbi la barabara zetu litapita kwenye koni za bei rahisi na kukwangua ringi. Ndugu yangu, rudisha boksi. Jeti usiiguse.

Swali, kutoka Machakos: Fundi, nimefuata hatua ya tatu, juzi injini iliwaka na betri ikachaji 14.2. Kisha nikafungua tena kifuniko kupanga waya, na sasa haiwaki kabisa nikipiga kiki.

Jibu: Kama haiwaki tangu uifungue tena, kagua koili ya CDI. Chomoa soketi ya CDI, pima ukinzani kati ya waya wake na ardhi. Ukikuta umeme haupiti kabisa, umekata ncha yake ulipokuwa ukivuta waya mpya, au umeitoa ardhi yake badala ya ile ya koili ya taa. Koili ya CDI lazima ibaki na ardhi. Ya taa peke yake ndiyo inayotolewa.

Swali, kutoka Dodoma: Shikamoo fundi. Mimi ni mama, pikipiki ni ya marehemu mume wangu, nataka kijana wangu aitumie kwenda chuo. Pesa yangu inatosha kitu kimoja tu kwa sasa. Nianze na nini?

Jibu: Marahaba mama, pole kwa msiba. Usianze na diski wala LED. Anza na tairi mbili mpya, 2.75-18 mbele na 3.00-18 nyuma, na viatu vipya vya breki zote mbili. Beringi za magurudumu zikiwa zinakwama, zibadilishwe tairi zikiwa tayari zimetolewa, ili fundi alipwe mara moja tu. Na kofia ngumu ya kijana iwe ndani ya bajeti hiyohiyo, hata kama tairi ya mbele itasubiri mwezi ujao na pikipiki ibaki nyumbani hadi hapo.