Namna ya kukagua programu za simu zinachukua taarifa zako zipi

Sera ya faragha ni ahadi tu. Kilichotendeka kweli hukaa kwenye kumbukumbu za simu yenyewe, kwa hiyo anzia hapo.

Kwenye Android 12 na kuendelea, fungua Mipangilio, kisha Faragha (simu nyingine huandika Usalama na faragha), halafu Dashibodi ya faragha. Itakuonyesha programu ipi ilitumia kamera, maikrofoni au mahali ulipo, na saa ngapi. Toleo la 12 huishia saa 24 zilizopita, basi likague jioni ya siku uliyotumia simu sana. Programu iliyosoma mahali ulipo wakati hukuwa umeifungua, ibadilishie ruhusa iwe ya wakati wa kuitumia tu. Ramani ikikataa kufanya kazi, rudisha, hakuna kilichoharibika.

Kwenye iPhone yenye iOS 15.2 au zaidi, ingia Settings, Privacy & Security (kwenye iOS 15 huandikwa Privacy tu), shuka hadi App Privacy Report. Ukiikuta tupu usishangae: huanza kurekodi baada ya kuwashwa, haina ya nyuma. Iache siku 7. Utamu wake uko kwenye orodha ya vikoa, yaani anwani ambazo kila programu imewasiliana nazo. Kikoa kimoja kikijirudia kwenye programu zisizohusiana kabisa, mara nyingi ni cha kampuni ya matangazo au takwimu, ingawa huenda pia ni seva (kompyuta ya kuhifadhi data mtandaoni) ya picha tu. Ripoti husema mawasiliano yalikwenda wapi. Yalibeba nini, haisemi.

Kilichokwisha kufika kwenye seva hakionekani kwenye simu, hicho unakiomba. Google wana Takeout, huduma ya kupakua nakala ya data yako. Kwa kampuni zinazobanwa na GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, andika ombi ukitaja mambo manne: nakala ya taarifa zako, madhumuni ya kuzitumia, waliopewa, na muda zitakaohifadhiwa. Ukiandika “nataka data yangu” tu, utaletewa faili bila maelezo. Jibu hutakiwa ndani ya mwezi 1, na kwa maombi magumu huongezwa miezi 2. Tuma ukitumia barua pepe uliyofungulia akaunti, la sivyo muda utapotea mkithibitishana wewe ni nani.

Faili likifika, usilipakue kwenye kompyuta ya watu wengi: maisha yako yote yamo humo, bila nywila.