Jinsi ya kuichambua 720,720 kwa kalamu na karatasi

Jioni, wajukuu wakishamaliza chai, huwa naandika namba moja kubwa kwa chaki kwenye sakafu ya baraza. Ninayoipenda kuliko zote ni 720,720. Simu zinawekwa kando, maana kikokotoo kinakupa jibu na kukuficha njia.

Kabla hujagawa chochote, itazame. Ni 720 iliyoandikwa mara mbili. Namba yoyote ya tarakimu tatu ukiirudia hivyo, umeizidisha kwa 1,001, na 1,001 ni 7 × 11 × 13. Mjukuu wangu wa darasa la sita alikataa kuamini. Akaandika 358,358, akagawa kwa 7, kwa 11, kisha kwa 13, akabaki na 358 yake ileile. Alijaribu nyingine nne ndipo akakubali.

Imebaki 720, nayo ni 8 × 9 × 10. Vikusanye vigawo tasa vyote:

720,720 = 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13

Sasa hesabu ina vigawo vingapi. Hapa nenda polepole, kwa sababu watoto wengi hukariri kanuni tu. Kila kigawo unakijenga kwa kuchagua kutoka mstari ule. Ile 2 unaweza usiichukue kabisa, au uichukue mara moja, mbili, tatu au nne: njia tano. Ile 3 ina njia tatu. 5, 7, 11 na 13, kila moja ama unaichukua ama unaiacha: njia mbilimbili. Zidisha 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2, unapata 240. Hakuna namba ndogo kuliko hii inayofikisha vigawo 240! Tena ndiyo ndogo kabisa inayogawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 16. Ukifika 17, inabaki 5.

Vigawo huenda wawiliwawili. Kuwapata wawili waliokaribiana zaidi, anzia kwenye kipeuo cha pili, kilicho kati ya 848 na 849, ushuke. 848 inahitaji 53, ambayo hatuna. 847 inataka 11 mbili, tunayo moja. 845 inataka 13 mbili. Shuka hivyohivyo hadi 840, na mwenzake ni 858.

Ukimaliza, geukia jirani yake, 720,719. Haigawanyiki kwa namba yoyote kuanzia 2 hadi 16, nami kwa siku kadhaa niliamini ni namba tasa. Nilijaribu 17, 19, 23, 29, zote zikakataa. 31 ikaingia: 31 × 23,249. Na 23,249 nayo bado inagawanyika. Endelea kupanda na namba tasa, utaipata kabla ya 70.